Paipu Nne za Tabaka Moja

Nimeacha kazi mwezi wa sita mwaka huu, na tangu siku hiyo vijana wa gereji mmekuwa mkinipigia simu kuuliza mambo ya paipu. Mmoja anataka kujua kwa nini nati inavuja ilhali ameikaza mpaka mkono umemuuma. Mwingine anauliza kama tepu nyeupe inafaa. Wa tatu haulizi kitu, anatuma picha ya paipu iliyopasuka halafu ananyamaza, kama mtu anayemwonyesha daktari ulimi. Nimeona badala ya kujibu simu nikiwa shambani na jembe mkononi, ni heri niandike yote mara moja, msome wenyewe. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa kiasi gani sitaziandika. Zimenipita, nami sina hamu ya kuzifuata.

Nilifika Tunduma nikiwa kijana wa miaka ishirini na minne, natokea Igamba, kwa wazazi wanaolima kahawa na mahindi. Nilikuwa na cheti cha chuo cha ufundi, nimekikunja ndani ya bahasha ya kaki. Gereji wakati ule ilikuwa mabati sita na shimo moja la kuingilia chini ya gari, kando ya barabara kuu, pale ambapo malori husimama foleni yakisubiri kuvuka mpaka. Foleni ndiyo iliyotulisha. Dereva akikaa siku tatu akingoja karatasi zake, hukumbuka kila kitu kinachomsumbua kwenye gari, hata kile alichokizoea.

Benchi ya paipu ilikuwa ya mzee mmoja Mnamwanga wa ng'ambo, kwao Nakonde. Sote tulimwita Ba Sinkala, kwa ile heshima ya Kibemba ya kutanguliza "ba" mbele ya jina la mkubwa. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye migodi ya shaba ya Zambia, upande wa pampu na mashine za kusukumwa kwa oili, kisha akarudi nyumbani na kuvuka mpaka kila asubuhi kuja kwetu. Mtu mfupi, kofia ya sufu mwaka mzima, mwimbaji wa besi kanisani kwake. Hakupenda maneno. Kiswahili chake alikichanganya na Kinamwanga na Kibemba, na alipokuona una haraka alisema tu, "Panono, panono," yaani polepole.

Siku ya kwanza alikiangalia cheti changu mbele na nyuma, akakiweka juu ya kopo la grisi, akanipa kipande cha paipu ya shaba chenye urefu wa mkono. Akaniambia niiunge na kiungio kilichokuwa kimebanwa kwenye jiriwa. Nikakata kwa msumeno, nikabana paipu, nikageuza mkono wa kile kifaa cha kutanulia mdomo, na mdomo ukafunguka vizuri kama tarumbeta. Nilijisikia fundi. Ba Sinkala akauliza, "Nati iko wapi?"

Nati ilikuwa mezani. Mdomo wa paipu ukishatanuliwa, nati haipiti tena. Lazima uivishe kwanza. Nikakata, nikaanza upya, safari hii nikaivisha nati kinyume, nyuzi zake zikitazama upande usio wake. Mara ya tatu nati ilikaa sawa ila nilisahau kusafisha mabaki ya shaba ndani ya paipu, naye akaipuliza mbele ya uso wangu ili nione kinachotoka. Kufikia mchana ile paipu ya urefu wa mkono ilikuwa imebaki kama kidole. Akanirudishia cheti changu, kina duara la grisi katikati, akasema cheti hakina tatizo, mikono ndiyo bado. Duara lile lipo mpaka leo na halijawahi kunizuia kupata kazi.

Kwa wale wageni wa benchi, nieleze kitu chenyewe. Unapounga paipu ya chuma au shaba kwa njia hii, huchomei wala huweki gundi. Unautanua mdomo wa paipu uwe kama faneli, kisha nati inauvuta ule mdomo ukae juu ya kichwa cha kiungio kilichochongwa kama pia ya kuchezea. Kinachozuia oili isitoke ni chuma kulalia chuma, uso kwa uso, pande zote sawasawa. Nyuzi za nati kazi yake ni kuvuta tu. Ndiyo maana tepu nyeupe haina maana hapo: unaifunga kwenye nyuzi, wakati njia ya kuvuja iko kwenye mdomo. Ba Sinkala akiiona tepu kwenye benchi aliichukua akafungia mkate wake wa chai.

Taratibu zake mnazijua, ila naziandika kwa sababu najua mnazipunguza nikiwa sipo. Kata kwa kikata paipu cha gurudumu, msumeno uache. Safisha ndani na nje mpaka kidole kisikwaruzwe. Vaa nati. Pima paipu ijitokeze juu ya kibanio kiasi kinachotakiwa na si zaidi; ikizidi mdomo unakuwa mpana na nati haitaingia, ikipungua mdomo unakuwa mwembamba na nati itaukata. Weka tone la oili nyuma ya mdomo ili nati isiusokote. Kaza kwa vidole mpaka igote, ndipo ushike spana, na ukishasikia imeshika, iongeze kidogo tu. Mwenye nguvu nyingi aende kwenye matairi.

Mwaka wa pili nilipata somo la pembe. Watu wa machimbo ya mawe upande wa Nanyala walikuwa na mashine ya kubebea kokoto, nayo ilikuwa inavuja kwenye mpira mmoja wa haidroliki. Walikuwa wameubadilisha mara tatu. Kila mara mpira mpya, nati mpya, na kila mara oili inatiririka baada ya nusu saa ya kazi. Mwendeshaji alikuwa ameshapewa onyo la kufukuzwa kwa madai kwamba anaivuta mashine vibaya. Tulipofika alikuwa amekaa juu ya jiwe, hata kutusalimia alitusalimia kwa shingo upande.

Ba Sinkala alifungua ile nati, akatoa mfukoni vipande viwili vya bati alivyovichonga mwenyewe kama pembetatu. Akakiweka kimoja kwenye kichwa cha kiungio cha mashine, kikalala bila mwanga kupita. Akakipeleka kwenye mdomo wa mpira mpya, mwanga ukapita. Kile kingine ndicho kilicholingana na mpira. Akaniita nione. Kichwa cha mashine kilichongwa pembe ya digrii thelathini na saba, kama zilivyo mashine nyingi za haidroliki. Mpira waliouziwa ulikuwa wa digrii arobaini na tano, ile ya breki za magari na mabomba ya gesi ya friji. Kwa saizi ile nyuzi zinaingiana vizuri kabisa, nati inakaza, kila mtu anaridhika, lakini ndani vyuma viwili vinagusana kwa mstari mmoja mwembamba kama uzi. Ukikaza zaidi unaupasua mdomo. Walikuwa wamekaza sana.

Alimwambia msimamizi kwamba mwendeshaji hana kosa, akamfanya achungulie ule mwanga kwa jicho lake. Tulirudi Tunduma, tukatengeneza mpira wenye kichwa sahihi, tukaupeleka siku iliyofuata. Mashine haikuvuja. Mwendeshaji hakufukuzwa. Njiani nilimwuliza Ba Sinkala kwa nini hakumweleza tu yule msimamizi, akajibu kwamba maneno yake msimamizi angeyasahau kabla ya chakula cha mchana.

Nilifanya naye kazi miaka kumi na mitatu. Macho yalipoanza kumsumbua aliniachia benchi, akabaki kwake Nakonde akifuga kuku. Hatukufanya sherehe. Alikusanya spana zake mbili, akasema vingine ni vya gereji, akaondoka saa kumi jioni kama siku nyingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu. Nitaliandika lote.

Paipu za breki za chuma hazitanuliwi mara moja kama shaba. Kwanza unaukunja ukingo wake kuingia ndani kwa kutumia kibonyezo kidogo, kisha unautanua, ili mdomo uwe wa tabaka mbili. Ukiutanua bila kuukunja, unapata tabaka moja tu. Kwa macho inapendeza. Inakaza vizuri. Pedali inakuwa ngumu mguuni. Lakini chuma kile ni kigumu na chembamba, na ukikanyaga breki na kuachia, ukikanyaga na kuachia, barabara ya vumbi ikikutikisa chini, siku moja mdomo unapasuka. Hili nililijua tangu mwezi wangu wa kwanza. Nililifundisha wengine.

Mwaka wangu wa kumi na tisa, kile kibonyezo cha saizi ya kawaida ya breki kilivunjika pembeni. Tuliagiza kingine Mbeya, kikachelewa wiki tatu. Ilikuwa msimu wa kahawa. Akaja dereva mmoja wa pikapu, Nzowa, mtu wa Mbozi, mpole, anayesalimia mpaka wanaolala. Alikuwa akibeba kahawa mbivu ya wakulima kupeleka kwenye mtambo wa kumenya, na kahawa mbivu haisubiri kesho, ikilala inachacha. Paipu yake ya breki za mbele ilikuwa imeliwa na kutu. Nilimwambia kifaa hakipo. Akasema wakulima wamejaza magunia barabarani. Sikubishana naye sana. Nilitanua mdomo wa tabaka moja, nikajiambia kifaa kikija nitamwita niibadilishe. Nilijaribu breki uani, gari likasimama. Nzowa akanishukuru kwa mikono miwili.

Kifaa kilipokuja sikumwita. Kazi zilikuwa nyingi, naye hakulalamika, na gari ambalo halijalalamika huwa linatoka kichwani.

Siku chache baadaye, asubuhi, pikapu yake ikiwa imejaa magunia, akiwa na mkewe kando, ilishindwa kusimama kwenye mteremko wa kuelekea mto, si mbali na kwetu Igamba. Breki za nyuma zilibaki, lakini peke yake, na mzigo ule, hazikutosha. Nzowa aliona watu kwenye daraja, akalipeleka gari kwenye ukuta wa udongo kando ya barabara. Yeye alichanika uso. Mkewe, Mama Subira, alivunjika mguu wa kulia juu ya goti. Waliokuwa darajani hakuguswa hata mmoja.

Habari ilifika gereji kabla ya mchana. Mkaguzi wa magari alikuwa bado hajaandika taarifa yake, lakini mtaani hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa: Nzowa alizidisha mzigo, Nzowa hakulitunza gari. Leseni yake ilichukuliwa. Bosi wetu alituita, akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba gereji haijui lolote, gari likishatoka getini ni la mwenyewe. Hakuniangalia, nami nikashukuru kwa hilo, jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu.

Kesho yake nilikwenda kituoni ambako pikapu ilikuwa imevutwa. Nilimwambia askari wa zamu kwamba mimi ni fundi, nataka kuangalia. Nikalala chini. Paipu ilikuwa imechomoka kwenye nati yake upande wa gurudumu la kushoto, mdomo umepasuka kuanzia ukingoni, nusu yake imebaki ndani ya nati kama pete. Kazi ya mkono wangu ninaijua. Nilikaa chini ya gari lile muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuna mwingine aliyejua. Mkaguzi angeweza kuona kwamba paipu imepasuka, lakini paipu hupasuka kwa sababu nyingi, na gari lilikuwa limegonga.

Nilivuka mpaka kwa miguu kwenda kwa Ba Sinkala. Nilimkuta akiwawekea kuku maji. Nilimsalimia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote bila kumficha kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na nadhani nilikuwa nimejiandaa pia kwa neno la kunifariji. Hakutoa lolote kati ya hayo. Aliuliza kifaa kilivunjika lini. Nikamwambia. Akauliza kipya kilikuja lini. Nikamwambia baada ya wiki tatu.

"Wiki tatu," akasema. "Ni nani mwingine anatembea na paipu yako?"

Nilikuwa nimekesha usiku kucha nikiwaza juu ya jina langu, na swali hilo halikunijia hata mara moja. Nikahesabu. Zilikuwa paipu nne kwa jumla: ya Nzowa na nyingine tatu. Ba Sinkala aliweka ndoo chini, akaniambia niende, salamu nitamletea siku nyingine.

Ya kwanza ilikuwa rahisi. Gari dogo la mchungaji mmoja pale pale Tunduma. Nilimkuta nyumbani, nikamwambia nataka kubadilisha paipu niliyomwekea, naye akanipa funguo bila maswali. Ya pili ilikuwa pikapu ya mwenye duka la pembejeo njia ya Vwawa. Huyo aliuliza kwa nini fundi anamfuata mteja badala ya mteja kumfuata fundi, nikamwambia nilikosea, akacheka, akadhani ni utani. Zote mbili nilizitoa, nikaweka za tabaka mbili. Zilikuwa bado nzima.

Ya tatu ilikuwa Hiace, na dereva wake aliitwa Lusekelo. Simu yake haikupatikana. Kondakta wake wa zamani akaniambia ameacha njia ya Tunduma, sasa anabeba abiria na mizigo upande wa Mbangala, kwenye wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nilifunga kifaa, mita mbili za paipu na chupa ya maji ya breki ndani ya mfuko wa salfeti, nikamuaga bosi nikisema nina msiba. Sikuwa nimesema uongo mkubwa sana. Nilibadilisha gari mara mbili, nikamalizia kwa bodaboda, nikafika Mbangala siku ya pili saa nne asubuhi.

Nilimkuta Lusekelo mbele ya duka, abiria wameshakaa ndani, mizigo imefungwa juu. Nilimsalimia, nikamwambia naomba nusu saa niangalie paipu ya breki. Alikasirika, na alikuwa na haki. Akaniuliza ni nani aliyeniita. Akasema breki zake ziko sawa kuliko za gari lolote Mbangala, akapanda, akakanyaga pedali nione ilivyo ngumu. Abiria wakaanza kunung'unika. Mama mmoja akasema mafundi siku hizi wanatembeza kazi kama wauza karanga.

Mpaka hapo ni mteja mmoja tu niliyekuwa nimemwambia kwamba nilikosea, tena nilikuwa nimelisema kidogo, kwa namna ya kutolisikia mwenyewe. Sasa nilisimama mbele ya lile gari, mkono juu ya boneti, nikasema kwa sauti ambayo hata wa kiti cha nyuma aliisikia.

"Paipu ya breki ya gari hili nilitengeneza mimi, na niliitengeneza vibaya. Nilitengeneza nyingine kama hii, ikapasuka mteremkoni. Kuna mama yuko hospitali mguu umevunjika. Kosa ni langu, si la dereva yule. Ukitaka kuondoka, itabidi unikanyage."

Kisha yule mama wa karanga akafungua mlango, akashuka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Lusekelo alikuwa wa mwisho kushuka. Alinirushia funguo bila kunitazama.

Nilifanya kazi ile chini ya gari, juu ya gunia, watu wakichungulia pande zote. Nilipoitoa paipu niliipangusa, nikaupeleka mdomo wake kwenye jua. Ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kuanzia ukingoni kwenda ndani, na unyevu wa maji ya breki umeujaza. Nikampa Lusekelo. Aliigeuza geuza, akampa abiria mmoja, naye akampa mwenzake, ikazunguka mpaka ikanirudia. Hakuna aliyenitukana. Lusekelo aliniuliza ingechukua siku ngapi kupasuka, nikamwambia sijui, labda leo. Akaenda dukani akaninunulia soda.

Niliporudi sikupitia gerejini. Nilikwenda hospitali moja kwa moja, na zile paipu tatu ndani ya mfuko. Nzowa hakuwapo, alikuwa amekwenda kuleta chakula. Mama Subira alilala mguu umefungwa plasta, umeinuliwa kwa kamba. Nilimwamkia, nikajitambulisha kwamba ndimi fundi Haonga, nikamweleza. Nilimweleza kama nilivyowaeleza watu wa Mbangala, ila hapa sikuwa na gari la kuegemea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mnyamavu, mikono ya kazi.

"Hao wengine watatu umewapata wote?" akauliza.

Nikamwambia wote, nikamwonyesha. Akaishika ile yenye ufa, akaupitisha ukucha juu yake.

"Mume wangu kila siku anakaa hapo ulipokaa," akasema, "ananiomba radhi. Anasema labda alikanyaga vibaya. Nenda kaandike kwa mkaguzi. Mimi usiniambie tena."

Niliandika. Ukurasa mmoja na nusu, na paipu nikazifunga pamoja na karatasi. Mkaguzi alizichunguza, akaniuliza kama naelewa ninachosaini, nikasema naelewa. Nzowa alirudishiwa leseni. Mimi nilikaa nje ya kazi miezi minne. Bosi alinifukuza siku ile ile, na alinirudisha mwenyewe baadaye, baada ya kuona madereva wanakuja wakimwuliza fundi wa paipu yuko wapi. Lusekelo alikuwa amelieneza jambo lile mpaka Mkwajuni, na watu walilipokea tofauti na tulivyotegemea, mimi na bosi. Niliporudi niliweka sharti moja tu: kila nati inayotoka kwenye benchi yetu ichongwe alama ya aliyeitengeneza, na kifaa kikivunjika gari lisubiri. Ninyi mmelilalamikia sharti hilo kwa miaka. Mnaona kama nawatilia shaka. Alama hizo zipo ili siku mkikosea, msipoteze muda kutafuta kazi yenu iko kwenye gari gani.

Pikapu ya Nzowa ilikuja gerejini mwaka uliofuata, imenyooshwa bodi, imevutwa kwa sababu haina breki kabisa. Nzowa alikuwa na mkewe, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, mguu wa kulia umefupika kidogo. Nzowa alinisalimia kama alivyowasalimia watu wote siku zote. Akasema wamekubaliana paipu zote nizitengeneze mimi, na kwamba mke wake ataangalia. Wazo lilikuwa la nani sikuuliza.

Mama Subira aliketi kwenye stuli kando ya jiriwa kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Aliuliza maswali machache, ya mtu anayetaka kujua. Kwa nini unaukunja kwanza? Utajuaje kama umetosha? Nilimwonyesha mdomo wa tabaka moja na wa tabaka mbili, akaishika yote miwili, akafumba macho, akaitofautisha kwa kidole. Nilitengeneza paipu tano. Moja niliikata mwenyewe na kuirudia kwa sababu mdomo uliegemea upande. Hakuna mwingine ambaye angeliona hilo, ila yeye alikuwa ameshaliona.

Tulipomaliza kutoa hewa kwenye breki, Nzowa akataka kulijaribu gari barabarani. Mkewe akasema twende wote, na twende mpaka Igamba. Ni mwendo mrefu kwa jaribio la breki, lakini hakuna aliyepinga. Mimi nilikaa katikati, yeye mlangoni. Tulipofika juu ya ule mteremko Nzowa alipunguza mwendo, mikono imekakamaa kwenye usukani, na nilimsikia anavyopumua. Mkewe akaweka mkono wake juu ya dashibodi.

"Shuka nalo," akamwambia. "Nikikwambia, kanyaga."

Alishuka nalo. Ukuta wa udongo ulikuwa upande wetu wa kushoto, umeshaota nyasi. Daraja likaonekana. Mkewe aliacha gari lichukue kasi kuliko ningependa, ndipo akasema, "Hapo." Nzowa akakanyaga. Gari likasimama limenyooka, vumbi letu wenyewe likatupita.

Mama Subira alifungua mlango, akashuka kwa fimbo, akainama kwa shida karibu na gurudumu la mbele la kushoto. Nilitaka kushuka nimsaidie, Nzowa akanigusa goti nisishuke. Mama Subira aliingiza mkono chini, akashika pindo la kitenge chake, akaipangusa nati na paipu yote mpaka mwisho. Kisha akasimama, akaja dirishani, akatuonyesha lile pindo.

"Kavu," akasema.

Akapanda, akafunga mlango, akamwambia mumewe ageuze gari, kuna watu wanangoja kahawa yao ichukuliwe.